Jina la Marehemu Halina Mwenyewe, Daftari Linaye

Mwishoni mwa mwaka 2014, Uingereza ilipokuwa ikiadhimisha miaka mia moja tangu kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza, wageni wa Imperial War Museum jijini London walikuta karatasi tupu mahali palipotakiwa kuwa na barua za askari. Barua hazikuibwa wala hazikuliwa na mchwa. Zilikuwa ghalani, zinasomeka. National Library of Scotland na Chuo Kikuu cha Leeds nao walifanya hivyo hivyo. Yalikuwa maandamano ya wakutubi na wahifadhi nyaraka dhidi ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988, ambayo inaliacha andiko lisilowahi kuchapishwa likiendelea kulindwa mpaka mwisho wa mwaka 2039, hata kama mwandishi wake alikwisha kuzikwa karne mbili nyuma. Mtoto wa watu alikufa kwenye mahandaki mwaka 1917, hakuacha mke wala mtoto, barua aliyomwandikia mama yake ipo, na hakuna anayejua aombwe nani ruhusa ya kuionyesha.

Watu wanaotafuta nasaba wanalifahamu tatizo hili, ila wao hulikuta kwa upande wa pili. Uingereza, Marekani, Uholanzi na kwingineko wako maelfu ya wajitolea, wengi wao wastaafu, ambao jioni hukaa mbele ya kompyuta wakinakili madaftari ya zamani: ubatizo, ndoa, mazishi, sensa, orodha za abiria wa meli. Hawalipwi hata senti. Walichonakili huwekwa mtandaoni, na mtu wa mbali ambaye hajui hata kijiji alikotoka babu yake anaandika jina, anabonyeza, anampata. Halafu siku moja mnakili anaikuta kazi yake kwenye tovuti ya mtu mwingine, ikiwa na makosa yale yale aliyoyafanya yeye usiku ule alipokuwa na usingizi, na chini yake pameandikwa bei. Swali lake ni la haki kabisa, msikilizaji: hii si mali yangu?

Kwa sheria ya Marekani, jibu ni hapana. Na jibu hilo lilitoka kwenye kitabu cha simu.

Kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas kulikuwa na kampuni ndogo, Rural Telephone Service, iliyotoa kitabu cha simu chenye wateja wapatao 7,700. Kampuni nyingine, Feist, ilitaka kuchapisha kitabu kikubwa kitakachokusanya maeneo 11 ya simu kwa pamoja. Wenye maeneo kumi walikubali kuuza orodha zao, Rural ikagoma. Feist ikachukua bila ruhusa. Kilichoiumbua ni mtego wa siku nyingi wa watengeneza orodha: Rural ilikuwa imechomeka majina ya watu hewa, na manne kati ya majina hayo yakajitokeza kwenye kitabu cha Feist yakiwa mazima. Wizi ulikuwa peupe. Hata hivyo, tarehe 27 Machi 1991, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Feist haikuvunja hakimiliki ya mtu. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba taarifa ya kweli haitungwi na yeyote. Anayeikusanya ameikuta tu. Kuzipanga taarifa hizo kwa alfabeti nako si ubunifu, ni jambo ambalo kila mtu angelifanya. Kabla ya hapo baadhi ya mahakama zilikuwa zikilinda jasho: aliyehangaika kukusanya ndiye mwenye mali. Waswahili tungesema mchumia juani hulia kivulini. O'Connor alisema hapana, hakimiliki haikuwekwa ili kulipa jasho.

Badili kitabu cha simu uweke daftari la ubatizo la mwaka 1790. Kwamba mtoto fulani alibatizwa siku fulani, wazazi wake ni fulani na fulani, baba alikuwa mhunzi: hakuna aliyeyatunga haya. Kasisi aliyaandika, mnakili ameyaandika tena. Watu hubandika onyo la hakimiliki juu ya orodha ya namna hiyo, pengine kwa herufi nyekundu, na mbele ya mahakama ya Marekani onyo hilo halina meno.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana ndiyo inayoeleza kwa nini sheria imekuwa bahili hivi. Kuna mradi unaoitwa FreeBMD, ulioanza Uingereza mwaka 1998. Unanakili faharasa ya vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales, kumbukumbu ambazo serikali ilianza kuziandikisha Julai 1837. Ukurasa wa faharasa hiyo ni mkavu: jina la ukoo, majina ya mtu, wilaya ya usajili, namba ya juzuu, namba ya ukurasa. Kuanzia robo ya tatu ya mwaka 1911 vizazi vinaongezewa jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, na watafiti hupumua, kwa sababu kina Smith ni wengi mno. Mnakili hufundishwa kanuni moja kabla ya nyingine zote: andika unachokiona. Karani wa mwaka 1850 akiwa amekosea tahajia ya wilaya, kosa lake linaachwa. Herufi moja ikiwa imefifia, mnakili habahatishi. Anaweka kistari cha chini. Asipojua ni herufi ngapi zimepotea, anaweka kinyota. Akisita kati ya a na o, anaziweka zote mbili ndani ya mabano ya mraba na kuendelea na mstari unaofuata.

Mnakili mzuri, basi, ni yule ambaye hakuongeza kitu. Hakimiliki nayo humwangalia aliyeongeza kitu. Kadiri mjitolea anavyoifanya kazi kwa uaminifu ndivyo anavyozidi kujitoa mwenyewe kwenye ulinzi wa sheria, na anayestahili shukrani kubwa kuliko wote ndiye hasa asiye na cha kudai.

Uingereza, kwa kweli, haikuanza na msimamo huo. Mwaka 1900 Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho, lilisikiliza kesi ya waandishi wa gazeti la The Times. Walikuwa wamenukuu kwa hati mkato hotuba za Lord Rosebery, aliyewahi kuwa waziri mkuu, neno kwa neno. Mchapishaji John Lane akazichukua kutoka gazetini akatoa kitabu. Baraza likaamua kwamba mwandishi aliyeketi pale, akasikiliza, akanukuu na kuweka vituo, ana haki juu ya nukuu yake ingawa hakuna neno hata moja lililokuwa lake. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ya England ilimpa haki Lionel Sawkins, mtaalamu aliyeandaa muziki wa Michel-Richard de Lalande, mtunzi Mfaransa aliyefariki mwaka 1726. Kampuni ya santuri ya Hyperion ilidai kwamba kazi yake ni nakala tu ya kazi ya marehemu. Mahakama ikaona alikuwa amesahihisha noti, amejaza mapengo, amefanya hati mbovu ipigike.

Mfano mkali zaidi unatoka Israeli. Msomi Elisha Qimron alitumia zaidi ya miaka kumi kuunganisha vipande vya gombo la kale lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na kukisia kwa elimu yake maneno yaliyokuwa yameliwa na wakati. Mchapishaji Hershel Shanks wa Marekani akaichapisha matini hiyo bila ruhusa. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Israeli iliamua kwamba matini iliyojengwa upya ina hakimiliki, na mwenye haki ni Qimron. Wapo wataalamu waliolalamika, na wana hoja: kama Qimron alikuwa sahihi, basi alirudisha maneno ya mtu wa miaka elfu mbili iliyopita, na kama alitunga, basi si gombo tena. Kwa hukumu hiyo, anayesoma daftari lililoliwa na panya na kujaza nusu ya majina kwa kubahatisha angekuwa na haki kubwa kuliko aliyeweka kinyota. Mtafiti wa nasaba yeyote mwenye akili timamu angemtaka yule wa kinyota.

Ulaya ilipoona jasho limefukuzwa kupitia mlango wa hakimiliki, ikalifungulia dirisha. Mwongozo wa mwaka 1996 wa Umoja wa Ulaya uliunda haki maalumu ya kanzidata: aliyewekeza kwa kiasi kikubwa katika kukusanya, kuhakiki au kuwasilisha taarifa anaweza kumzuia mwingine asizichote kwa wingi, kwa muda wa miaka 15. Uingereza iliingiza haki hiyo kwenye sheria zake kuanzia Januari 1998, mwaka ule ule FreeBMD ilipozaliwa. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya wasimamizi wa mbio za farasi wa Uingereza dhidi ya kampuni ya kamari ya William Hill, ilifafanua kwamba kinacholindwa ni uwekezaji wa kutafuta taarifa zilizokwisha kuwepo, si wa kuzizalisha. Waliopanga ratiba za farasi wakashindwa. Kwa maelezo hayo hayo, kikundi kinachokusanya majina elfu mia kutoka makaburini na makanisani kina nafasi nzuri kuliko wenye farasi. Ila mwenye haki hapo ni aliyewekeza, yaani kikundi au taasisi. Mjitolea mmoja mmoja na kurasa zake arobaini hahesabiki.

Mpaka hapa ni maneno. Picha ina habari nyingine. Mwaka 1999 serikali ya Uingereza iliachia hakimiliki yake, iitwayo hakimiliki ya Taji, katika nyaraka za serikali zisizochapishwa ambazo umma unaruhusiwa kuzisoma: mtu yeyote anaweza kuzinakili kwa mkono, kuzitafsiri, kuzitengenezea faharasa na kuzichapisha, bila kulipa. Lakini picha ya ukurasa huo huo, iliyopigwa na hifadhi ya nyaraka au na mshirika wake wa kibiashara, ina anayeidai na ina bei. Sensa ya mwaka 1921 ya England na Wales ilipofunguliwa Januari 2022 kupitia tovuti ya Findmypast, pauni 2.50 zilikupa nakala iliyochapwa ya kaya moja, na pauni 3.50 zilikupa picha ya fomu halisi. Aliyekwenda Kew kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kwa miguu yake aliiona bure. Marekani ni wakarimu zaidi, kwa kuwa kazi za serikali yao ya shirikisho hazina hakimiliki tangu mwanzo. Sensa yao ya mwaka 1940 ilifunguliwa tarehe 2 Aprili 2012, baada ya kufungiwa miaka 72, na wajitolea zaidi ya 160,000 wakainakili kwa miezi michache, majina milioni 132.

Makaburini mambo yamegawanyika vivyo hivyo. Tarehe iliyochongwa kwenye jiwe ni ya kila mtu. Picha ya jiwe, iliyopigwa na mtu aliyeamka alfajiri ili mwanga uanguke kwa upande na herufi zionekane, ni ya mpiga picha, hata akiipakia Find a Grave, tovuti iliyoanzishwa mwaka 1995 na kununuliwa na kampuni ya nasaba ya Ancestry mwaka 2013. Kuichukua picha hiyo na kuipamba kwenye mti wa ukoo wako bila kuuliza ni kosa la kisheria, na hufanyika kila siku.

Hata hivyo, anayedhani kwamba baada ya Kansas kila kitu kisicho na hakimiliki ni cha kuchota tu, amesahau kubonyeza kwake mwenyewe kwenye kitufe cha kukubali. Miaka mitano baada ya kesi ya Feist, mahakama ya rufani iliyoko Chicago ililetewa kesi ya Matthew Zeidenberg. Kampuni ya ProCD ilikuwa imekusanya vitabu vya simu zaidi ya 3,000, ikatumia zaidi ya dola milioni 10, ikaweka namba zote kwenye diski. Zeidenberg, wa Madison, Wisconsin, alinunua diski ya bei ya mtu wa kawaida na kuanza kuuza taarifa zake mtandaoni kwa bei ya chini. Alijua fika kwamba namba za simu hazina hakimiliki. Jaji Frank Easterbrook alikubaliana naye kwa hilo, kisha akamhukumu kwa jingine: ndani ya boksi, na kwenye skrini kila programu ilipofunguliwa, palikuwa na masharti yanayokataza matumizi ya biashara. Zeidenberg aliyaona, akaendelea. Huo ni mkataba, na mkataba hauhitaji hakimiliki ili ufunge. Jaji aliongeza jambo ambalo watu wa nasaba wangelikariri: mtu ambaye angeiokota diski hiyo barabarani asingefungwa na masharti, kwa sababu hakukubaliana na mtu.

Hapo ndipo mabishano mengi ya watafiti yanapopotea njia. Mmoja anasema jina la babu yangu halina mwenyewe, na ni kweli. Mwingine anasema tovuti imekataza, na ni kweli pia. Wanagombana kwa sababu mmoja anazungumzia mali na mwenzake anazungumzia ahadi. Aliyejiandikisha kwenye tovuti ya kulipia, akapakua orodha nzima ya kijiji na kuigawa kwa ndugu mia mbili, hajaiba majina. Amevunja neno lake, na anaweza kufungiwa akaunti au kudaiwa. Ndugu mmoja kati ya hao mia mbili, ambaye hajawahi kuifungua tovuti hiyo, hafungwi na ahadi asiyoitoa.

Ahadi hizo hazimbani msomaji peke yake. Mchangiaji naye zinampata. Agosti 2021 Ancestry ilibadili masharti yake ili kuchukua idhini ya kudumu, isiyoweza kuondolewa, ya kutumia picha na hadithi za familia ambazo wateja walikwisha kuzipakia. Wateja wakaja juu, na baada ya siku chache kampuni ikalegeza maneno kwa wanaofuta vitu vyao. Aliyepakia picha ya harusi ya bibi yake mwaka 2009 alikuwa amekubali masharti ya 2009. Ya 2021 aliyakubali kwa kuendelea tu kutumia huduma. Vikundi vyenye busara humweleza mnakili kabla hajaandika herufi ya kwanza kazi yake itakwenda wapi. Faharasa ya FreeBMD, kwa mfano, ipo pia ndani ya Ancestry, kwa makubaliano na kwa jina la FreeBMD. Aliyeambiwa mapema akakubali hana malalamiko. Anayeumia ni yule aliyedhani anakiandikia kikundi cha mtaani kwake.

Sheria za kwetu Afrika Mashariki hazitofautiani sana na hizo. Mkataba wa kimataifa wa TRIPS wa mwaka 1994, katika ibara ya 10, unalinda mkusanyo wa taarifa pale tu uteuzi au mpangilio wake unapokuwa wa kibunifu, na unasema ulinzi huo haugusi taarifa zenyewe. Anayesaka jamaa zake kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, ambamo kwa miongo mingi yametangazwa maombi ya mirathi yakiwa na jina la marehemu, anaweza kuyanakili majina hayo bila wasiwasi wa hakimiliki. Daftari la ubatizo la miaka ya 1960 halipo huru kiasi hicho, kwa sababu wengi waliomo bado wanatembea mitaani, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinawahusu. Kuna pia nasaba ambazo hazijawahi kuhitaji wakili. Shajara, yaani miti ya ukoo, za masharifu wa Lamu, zinazowaunganisha na Hadhramaut, huonyeshwa na mwenye nyumba kwa anayemtaka yeye, na anayeonyeshwa hujua anadaiwa adabu gani.

Lakini orodha inayoiuma kanda hii kuliko zote ni ile ya wapagazi na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Dar es Salaam ina Kariakoo, Nairobi ina Kariokor, zote zikiwa zimeitwa kwa kikosi cha wapagazi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina hata la askari mmoja aliyekufa. Aprili 2021 ripoti iliyotolewa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kila daftari la malipo au la hospitali litakaloibuka litahitaji wanakili, na majina yatakayonakiliwa hayatakuwa ya mtu, kwa sheria ya Uingereza, ya Marekani wala ya kwetu. Kitakachopigiwa kelele ni masharti: nani amelipiga picha daftari, amesaini karatasi gani na hifadhi iliyolitoa, na je mjukuu wa mpagazi kutoka Tabora atalipia kuliona jina la babu yake.

Kuna Wamarekani walioamua kuizunguka ahadi badala ya kuivunja. Kikundi cha Reclaim the Records, kilichoanzishwa na Brooke Schreier Ganz, hakigusi tovuti ya kulipia. Kinakwenda kwenye ofisi ya serikali iliyolishika daftari lenyewe, kinaomba nakala kwa sheria ya uhuru wa habari, na kikikataliwa kinakwenda mahakamani. Mwaka 2015 waliifungulia kesi hifadhi ya nyaraka ya Jiji la New York wakidai faharasa ya vibali vya ndoa ya mwaka 1908 hadi 1929. Jiji likakubali yaishe. Walipopata filamu za faharasa hiyo walizipeleka maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive bila sharti lolote: kila mtu anaweza kuzipakua, kuzinakili, kuzigawa kwa ukoo mzima, na kuziuza akipenda. Kampuni kubwa za kibiashara nazo ni kila mtu.